Kinga ya Buluu

Kolwezi ina rangi nyingi chini ya ardhi na moja tu juu yake. Chini kuna malakiti ya kijani, kuna heterojeniti nyeusi inayobeba kobalti, kuna shaba yenyewe. Juu kuna vumbi jekundu, ambalo hupaka kila kitu bila kuagizwa wala kulipwa: majani ya miembe, mashuka kambani, kola za wanafunzi. Katika mji huo karani mmoja wa mtaa wa Manika aliamua kwamba baiskeli yake lazima iwe ya buluu.

Baiskeli, au kinga kama wasemavyo wenyeji, haikuletwa ukanda wa shaba wa Kongo kwa ajili ya urembo. Ndiyo inayoleta makala, yaani makaa, kutoka porini, magunia yamepangwa hadi yakampita msukumaji kwa urefu. Ndiyo inayobeba mawe ya wachimbaji kutoka mashimoni hadi kwenye maghala ya wanunuzi wa Musompo. Mwenye kuinunua huuliza inabeba magunia mangapi, na asipoamini jibu huenda kwa mchomeleaji akaongeza nondo. Kinga ya karani ilikuwa Phoenix ya Shanghai, tena ya mkono wa pili kutoka kwa muuza makala, na nondo zake ilikuja nazo.

Fundi aliizunguka akitafuta palipovunjika.

“Yaya, nini iko mbaya?”

“Hakuna. Nataka rangi tu.”

“Aa. Unaiuzisha?”

“Siiuzi.”

Fundi akanyamaza, akatazama barabarani kama anayengoja mtu atokee akidai mali yake. Kwake yeye rangi mpya juu ya chuma cha zamani ina maana mbili tu, na ya kwanza ilikuwa imeshakanushwa. Ilibidi karani aitiwe mashahidi, jirani wawili na mama muuza maandazi, waseme kwamba kinga ile ni yake na kwamba ndivyo alivyo, si mgonjwa.

Ikaja siasa ya rangi. Fundi alikuwa na kopo la njano lililobaki kwenye kazi nyingine, akapendekeza mistari ya njano juu ya buluu. Huko ni kumvisha mtu jezi bila kumuuliza. Njano na buluu ni Saint-Éloi Lupopo, klabu ya wana reli wa Lubumbashi. Nyeusi na nyeupe ni TP Mazembe, nayo ya Lubumbashi, na mabishano yao husafiri kilomita mia tatu hadi Kolwezi bila kuchoka. Kwa haki yote, mpenda baiskeli angepaswa kuegemea upande wa Mazembe, maana zamani klabu hiyo iliitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, na kwa jina hilo ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968. Karani hakutaka kuegemea popote. Habari za mistari ya njano zilimfikia hata hivyo jirani yake, mtu wa Mazembe, na tangu siku hiyo pampu ya jirani ikawa “imeharibika”.

Kopo la buluu lenyewe linastahili kusimuliwa. Buluu ya kobalti ilitengenezwa na mkemia Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1802, na wachoraji waliipenda kuliko walivyoweza kuilipia. Siku hizi buluu nyingi za madukani hutokana na rangi iliyoanza kuuzwa Uingereza katika miaka ya 1930, ambayo katikati ya kila molekuli yake imekaa chembe moja ya shaba. Kobalti nayo haikuondoka: hutiwa kidogo sana kwenye rangi za mafuta ili zikauke upesi. Kongo hutoa sehemu kubwa zaidi ya kobalti ya dunia, na kule Kasulo, mtaa wa Kolwezi hiihii, tangu mwaka 2014, watu wamechimba hadi chini ya sebule zao wakiitafuta. Malori yanapanga foleni kwenye mpaka wa Kasumbalesa yakitoka na shaba na kobalti; kwa mpaka uleule makopo ya rangi yanaingia. Karani alilipia kilichotoka chini ya nyumba za jirani zake, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi, na kopo lilikuwa limebonyea.

Kazi ikaanza kwa msasa. Rangi ya kiwandani, iliyookwa, ilikuwa imekwisha kitambo. Nyeusi iliyoonekana ilikuwa ya brashi. Chini ya nyeusi kulikuwa na kijani. Chini ya kijani kulikuwa na nyekundu. Chini ya nyekundu kulikuwa na puti, na chini ya puti hakukuwa na kitu: tundu la kupitisha kidole gumba, karibu kabisa na mahali uzito wa mpandaji unapokaa. Kwa muda wote ule karani alikuwa akibebwa na puti na neema ya Mungu. Mchomeleaji akaitwa, na bajeti ya mapambo ikaenda na moshi.

Hapo ndipo mpwa wake, kijana wa simu, alipoleta wazo la rangi ya unga. Si wazo baya hata kidogo. Unga mkavu hupulizwa ukiwa na chaji ya umeme, chuma kikiwa kimeunganishwa na ardhi, hivyo unga hukivamia na kukigandia hata upande wa nyuma. Kisha chuma huingizwa kwenye oveni yenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, unga ukayeyuka, ukashikana, ukawa ngozi moja ngumu isiyo na michirizi. Wala hakuna kungoja ikauke: ikipoa, imekwisha. Viwanda vingi vya baiskeli duniani hufanya hivyo. Kinachotakiwa ni unga, bunduki yake, umeme usiokatika, na oveni inayomeza fremu nzima.

Oveni pekee ya ukubwa huo ambayo karani aliijua ilikuwa ya mikate.

Mwoka mikate aliwasikiliza kwa adabu, hata fremu akaipima kwa macho. Akauliza unga huo ni wa ngano au wa muhogo. Alipoelezwa ni wa plastiki, akavua kofia. “Papa, wateja wangu wanazoea mkate mweupe,” akasema. “Wa buluu hakuna mwenye aliniomba.” Mwoka mikate alikuwa na haki. Tanuri lililookea rangi halifai tena kuokea chakula, na hiyo si nongwa ya waokaji. Isitoshe, kasoro ndogondogo za fremu fundi alikuwa ameshazijaza puti upya, na puti ya kawaida ikiingia kwenye joto lile huvimba na kupasuka. Karani angetoa kinga yenye majipu.

Wakarudi kwenye rangi ya mafuta, kwa kompresa ya kukodi. Ilipuliza nusu ya uma wa mbele, kuran, yaani umeme, ikaenda. Ieleweke kwamba mji huu hauko mbali na umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani, kwenye mto Lualaba, na tangu mwaka 1982 laini kubwa kutoka Inga inakata nchi kilomita 1,700 hivi na kukomea hapahapa Kolwezi. Umeme ulisafiri umbali wote huo, ukakosa mita za mwisho. Fundi akachukua brashi.

Swali la wakati wa kupaka halina jibu zuri. Kiangazi kuna vumbi. Masika kuna unyevu, na rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, kazi inayokwenda taratibu hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Fundi alichagua masika, kisha kwa ukarimu akapaka nene. Rangi nene hukauka usoni kwanza, ikafunga mlango, na ndani ikabaki ujiuji. “Imekauka,” alisema kila alipoulizwa, akiigusa kwa ncha ya kidole na kukificha kidole nyuma. Kuku alipita, akaacha manyoya mawili. Mtoto wa jirani wa Mazembe aliacha alama ya kiganja kizima. Kama alitumwa, ushahidi haukupatikana.

Halafu ikaonekana kwamba brashi haikuacha pahali. Ilikuwa imeingia kwenye hesi za pale ekseli ya pedeli inapofungwa, na ndani ya bomba la kiti. Vikombe vya ekseli havikuingia hadi hesi ziliposafishwa moja moja kwa msumari. Mlingoti wa kiti uliingia robo tu ukakataa, kwa hiyo karani, mtu mfupi, akawa anapanda kinga yake kama ngamia, na kushuka kukahitaji ukuta.

Lakini ilikuwa ya buluu! Aliipitisha barabara kubwa mara moja, malori ya mgodi yakapita, na alipofika kazini bawabu akaisifu kwa rangi yake nzuri ya kahawia. Jioni hiyo karani alinunua tyubu kuukuu, akazikata vipande virefu, akaizungushia fremu yote kuanzia kichwani hadi nyuma, kama wafanyavyo wauza makala, ili rangi isiguswe na jiwe wala vumbi. Buluu ikawa salama kabisa, na nyeusi kabisa.

Baada ya wiki chache fundi akaja nyumbani na mteja aliyetaka kuona kazi yake kabla ya kutoa malipo ya kwanza.

“Yaya, fungua kidogo tu, aone.”

Karani alifungua. Rangi iliyokuwa haijakomaa ilikuwa imenata kwenye mpira, ikabanduka nao utepe kwa utepe, na chini yake kukatokea puti, chuma kilichopigwa msasa na ile kijani kidogo. Mteja aliinama, akaangalia ule mpira kwa upande wa ndani, wenye buluu safi inayong'aa, akaugeuza, akaangalia na wa nje.

“Mimi nipake hii nyeusi,” akasema.