Suti Isiyokauka

Shemeji yangu aliponunua vifaa vyake mwenyewe vya kupiga mbizi, sote tulimpongeza na hakuna aliyeuliza vitaanikwa wapi. Alivipata kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, kwa bei ya kutupa: suti ya mpira ya milimita 5, jaketi la kujazwa hewa, regyuleta na mipira yake, maski, mapezi na viatu. Mitungi ya hewa, Mola alituhurumia, hubaki kituoni Diani. Huko kituoni yapo pia matangi ya kusuuzia na kamba ndefu chini ya mikungu, kwa hivyo ilikuwa haki ya mume wangu kumuuliza mdogo wake kwa nini apande matatu kutoka Ukunda hadi Likoni na begi linalovuja, akitukanwa na makanga njia nzima. Jibu lilikuwa lile lile kila siku: vya kituoni ni vya wote, na cha wote huvaliwa na wote. Aliyewahi kuazimwa suti ya mpira ataelewa. Chini ya maji mtu hukaa karibu saa nzima, baridi inabana kibofu, na choo hakuna.

Sisi twakaa Timbwani, ghorofa ya tatu. Tuna chumba, sebule, jikoni ambamo watu wawili hupishana kwa kuombana radhi, na bafu lililo choo pia. Kochi ni la shemeji. Paani kuna nafasi ya kuanikia harusi nzima, lakini mwenye nyumba, Haji, ameweka kufuli tangu shuka za mpangaji mmoja zipotee zikaleta maneno. Imebaki kamba ya kibaraza, na hiyo ina wenyewe: sare za shule za watoto wangu.

Mapenzi ya kijana huyu na mbizi yalianzia kwenye msiba. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lililobeba mama na bintiye liliteleza kutoka feri ya MV Harambee likazama pale kivukoni, na hadi lilipotolewa Oktoba 11, kutoka kina cha mita 58, Likoni nzima ilishinda ukingoni. Walikuja wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji, wakaja wa kujitegemea, wakaja wengine kutoka Afrika Kusini. Kabla ya hapo, kwetu mbizi ilikuwa kazi ya wavuvi wa pweza na kamba, pumzi moja kifuani na mkuki mkononi. Baada ya siku zile hata wauza viazi karai walikuwa wakibishana kuhusu mkondo, giza la chini na muda wa hewa kwenye mtungi. Shemeji alikuwa bado shule. Wenzake walirudi darasani wakiwa na huzuni. Yeye alirudi na huzuni na kazi aliyokwisha kuichagua.

Kwa hiyo heshima ilikuwepo. Tatizo lilikuwa suti.

Suti ya mpira haina tabia za nguo. Mpira wenyewe umejaa vijipovu vya gesi vilivyofungwa, ndivyo vizuiavyo baridi, na humo maji hayaingii. Maji hukaa kwenye kitambaa cha nailoni kilichogandishwa ndani na nje, na kwenye mishono. Ukiitundika, huteremka pole pole kutoka mabegani, yakapita kiuno, yakapita magoti, mpaka kila mguu ukawa na tone lake limening'inia ukingoni. Tone hilo linanenepa, linarefuka, linaachia, na la pili limeshaanza kunenepa kabla la kwanza halijatua. Nimekaa nikalitazama nikichagua mchele, na naapa lina makusudi.

Hanga ya waya ilipinda usiku wa kwanza. Bafuni ilidumu mpaka mume wangu alipotaka kuoga. Mwishowe ikapewa msumari nyuma ya mlango wa sebule, beseni chini yake, na feni ikaelekezwa huko usiku kucha, mpaka tokeni za stima zikaisha saa nane na sote tukaamka tunavuja jasho, suti nayo vile vile. Ilikuwa Mei, masika yamekolea, kusi inavuma na mvua ndani yake. Asubuhi shemeji aliivaa mbichi, akilalamika kama mtoto anayevishwa sweta, akaenda zake.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Msumari uko juu ya ufa ambao zulia limeuficha tangu tuhamie. Beseni, kwa upande wake, ni beseni la nyumbani: mtoto akitaka kuoshea viatu, hulivuta. Jirani yetu wa chini, mpika mahamri ambaye huamka saa tisa za usiku kukanda unga, alianza kuona doa kwenye dari juu ya kitanda chake. Doa likakua. Siku moja likadondosha tone mdomoni mwake amelala.

Alikuja juu na kanga mbili, moja kichwani. "Shoga, bomba lenu limepasuka."

"Umejuaje ni bomba?"

"Nimeonja. Lina chumvi."

Kwa mtu wa mji mwingine ushahidi huo ungetosha kuikamata ile suti papo hapo, lakini huku ulituelekeza kusiko. Maji ya bomba yatokayo Marere na Tiwi hutufikia kwa zamu, na zamu ina hiari yake. Siku nyingine zote, mabomba ya nyumba hii hubeba maji ya kisima cha Haji, na kisima cha Haji hakiko mbali na bahari. Chai yake yahitaji sukari ya ziada, sabuni haitoi povu, na birika imejenga ganda jeupe la unene wa kucha. Chumvi darini, basi, ilikuwa chumvi ya bomba. Haji mwenyewe alionja, akatikisa kichwa, akaita fundi.

Fundi wa bomba hawezi kuondoka bila kuvunja kitu. Ni kama daktari wa kienyeji na kuku. Alivunja sakafu ya jikoni yangu kutoka sinki hadi mlangoni, akafukua bomba, akalipapasa lote, likawa kavu. Akavunja kidogo tena kwa uhakika. Vigae vikalundikwa kibarazani, chini ya sare za shule. Mchana huo hakukuwa na tone lolote, kwa sababu kila asubuhi mshtakiwa alikuwa akipanda matatu kwenda Diani begani mwa shemeji, na kila jioni akirudi.

Mama mkwe alitukuta katika hali hiyo. Alikuja kutoka Gazi kwa ajili ya kliniki ya macho, akaruka mtaro wa jikoni, akaketi, na macho yake mabovu yakatua moja kwa moja nyuma ya mlango. Hakushtuka wala hakuuliza ni nini. Mume wake alikuwa mvuvi miaka yote ya ndoa yao. Aliinuka, akalibana paja la suti kwa vidole viwili, akalamba kidole.

"Hii haijaoshwa."

"Imeoshwa, Mama," shemeji akasema. "Kila siku naisuuza hapo bafuni."

"Kwa maji gani?"

"Ya bombani."

"Bombani mwenu si bahari tu hiyo imepandishwa ghorofani." Akaketi tena. "Mwanangu, ng'onda akikolea chumvi ukamwanika masika, mchana atakauka na usiku atarudi maji. Chumvi hunywa hewa. Utaanika mpaka uoe."

Nilikwenda jikoni nikafungua mkebe wa chumvi. Kila nyumba ya Pwani hutia punje za mchele humo, na kila masika punje hizo hushindwa. Chumvi hufanya bonge, kisha hulowa kabisa, bila mtu kuitia maji. Chumvi ya kawaida huanza kujivutia maji ya hewani unyevu wa hewa unapopita kiasi cha asilimia 75, na usiku wa masika huku kwetu hupita hapo bila taabu. Suti ile, basi, kila ikikaribia kukauka kwa feni ya pesa yangu, ilikuwa ikinyweshwa upya na upepo wa dirishani.

Shemeji alinyamaza, halafu akakumbuka Fort Jesus. Shuleni walipelekwa kuona vyombo vya Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Chombo cha udongo kilichokaa baharini hakianikwi kikitoka tu: hulowekwa maji matamu na maji hubadilishwa mara kwa mara mpaka chumvi itoke, la sivyo ikikauka inajenga chembe ndani ya udongo na kukipasua. Makavazi wanalijua, na mjane wa Gazi analijua. Mwenye cheti cha kuzamia kilichotundikwa ukutani ndiye aliyehitaji kuambiwa.

Maji matamu ya mkokoteni wakati huo yalikuwa shilingi 50 mtungi wa lita 20, na hapo bado hujamlipa kijana wa kuyapandisha ngazi. Mama mkwe hakutaka kusikia habari ya mkokoteni na mvua ikinyesha. Watoto walitumwa uani na karai, sufuria ya biriani na ndoo mbili, wakazipanga chini ya mdomo wa mfereji wa paa. Suti ikalowekwa, ikakamuliwa kwa kukanyagwa, maji yakaonjwa, yakamwagwa, ikalowekwa tena. Bibi aliendesha shughuli kutoka kwenye kiti.

Mara moja tu shemeji alimpinga, na kwa haki. Bibi alikuwa ameishika regyuleta, tayari kuitumbukiza nzima nzima. "La, Mama, hiyo ina adabu zake!" Kile kifuniko kidogo cha upande wa mtungini lazima kifutwe kikavu, kikazwe kabla ya kugusa maji, na kitufe cha mdomoni kisibonyezwe humo ndani ya ndoo, maana valvu hufunguka na maji yakapanda mpira hadi kwenye vyuma, na matengenezo yake ni mshahara. Mjukuu wake mdogo alikuwa ameshakiwekea kidole gumba kitufe hicho. Kidole kikaondolewa. Jaketi nalo lilipinduliwa kichwa chini, likatapika karibu kikombe kizima cha maji ya Diani ambayo hakuna aliyejua yamo humo.

Suti iligeuzwa ndani nje, mti wa fagio ukapitishwa mikono yote miwili, ikasimamishwa kibarazani kivulini, kwa kuwa jua huila mpira. Sare za shule zilihamia sebuleni kwa heshima ya mgeni. Kusi ikafanya kazi yake. Siku ya pili alasiri ilikuwa kavu hadi kwapani, na shemeji akaikumbatia mbele za watu.

Ila jirani wa chini si mjinga. Suti ilikauka Jumamosi. Dari lake lilikauka wiki iyo hiyo. Alipanda ngazi na sahani ya mahamri, akala nasi mbaazi, akaangalia kibarazani, akaangalia msumari, akainua pembe ya zulia kwa kidole cha mguu. Jioni Haji alikuwa mlangoni na risiti ya fundi.

Nilitarajia kelele. Haji hakutoa sauti. Alimtazama shemeji toka juu mpaka chini, kama mtu anayepima mbao, akamuuliza hewa ya mtungi mmoja hukaa muda gani. Ikawa kwamba tangi la chini ya ardhi, lile la kisima, lina valvu iliyoziba kwa mchanga na hakuna fundi aliyekubali kuingia humo gizani. Kuliondolea maji yote ni kulipa bauza. Shemeji angeingia mara moja, azibue, na deni la vigae liishe.

Akaingia na mtungi wa kuazima kituoni, tochi, na suti yake iliyooshwa kwa mvua. Ploti nzima ilisimama kuzunguka kifuniko. Alitoka na valvu, na mchanga, na kandambili mbili za mguu wa kushoto, na suti imejaa ile chumvi ya kisima hadi mishononi. Mvua ilikuwa imekatika tangu juzi. Alikuwa bado amekaa ukingoni akivua mapezi, jirani yetu akatoa kichwa dirishani.

"Shemeji, leo mwaanika wapi? Niambie mapema nisogeze kitanda."