Die Walküre na Mkate wa Kumimina

Lawama ya kwanza nampa Wotan. Katika opera za Richard Wagner huyo ndiye mkuu wa miungu, na ndiye aliyejenga kasri wakati mfuko mtupu. Mafundi walikuwa majitu mawili, Fasolt na Fafner, na ujira walioahidiwa ulikuwa Freia, ndugu wa mkewe Wotan. Kazi ilipokwisha wakaja kudai chao. Mume wangu alipomsimulia mama yake kisa hicho, Mama aliacha kumenya vitunguu.

"Shemeji yake? Kamweka rehani shemeji yake?"

Tangu siku hiyo habari za ukoo ule zikawa zake.

Tunaishi Leipzig, mji aliozaliwa Wagner mwaka 1813, ghorofa ya nne ya jengo kongwe lisilo na lifti. Mama alikuja kutoka Tanga majira ya baridi ili amwone mjukuu. Wiki hiyohiyo baba watoto akarudi kutoka soko la vitu vikuukuu akihema, kabeba gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na kasha ambalo kwa uzito wake nilidhani ni vigae vya bafuni. Kumbe ni santuri: tendo la kwanza la Die Walküre, opera ya Wagner ya ukoo uleule wa Wotan, lililorekodiwa Vienna Juni 1935 na Vienna Philharmonic chini ya Bruno Walter. Sahani 8, pande 16.

Baba watoto hawezi kuleta kitu nyumbani bila hotuba. Akatueleza kwamba sahani hizo huzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja unabeba dakika 4 na ushee, ilhali tendo lenyewe linachukua saa nzima. Kwa hiyo muziki ulikatwakatwa vipande, na msikilizaji kazi yake ni kuinuka, kugeuza sahani, kubadilisha sindano, kuzungusha mkono wa mashine, kisha kukaa tena. Hata hivyo, alisema, tumshukuru Mungu, maana mwaka 1935 maikrofoni zilikuwapo. Kabla ya 1925 waimbaji waliimba ndani ya honi kubwa ya bati, wapigaji wakabanana mbele yake, baadhi ya fidla zikafungwa honi zake ndogo, na besi zikaachia nafasi tuba kwa kuwa sauti yake ilipenya vizuri zaidi. Wagner, aliyejijengea ukumbi mzima Bayreuth ili orkestra yake isikike atakavyo, akaingia majumbani mwa watu kupitia tundu la bati.

Nilimpenda zaidi mtu mwingine katika hotuba ile, Lionel Mapleson, mtunza maktaba wa Metropolitan Opera, New York. Kati ya 1900 na 1904 alichukua fonografu ya Edison, mashine iliyotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani, akairekodia opera zikiwa zinachezwa jukwaani. Alipata vipande vya dakika mbili hivi kwenye silinda za nta. Kelele na mikwaruzo ni mingi, lakini humo yumo Jean de Reszke, mwimbaji wa Wagner aliyesifiwa kuliko wote wa zama zake, ambaye hakuacha rekodi nyingine tunayoweza kuisikia. Silinda hizo zikachakaa kwa kupigwa na kupigwa tena. Nta haihimili mapenzi hayo.

Mama alisikiliza yote, kisha akasema kwao pia gramafoni ilikuwapo, ya babu yake, na santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Watoto hawakuruhusiwa kuisogelea. Baba watoto akadakia: Siti alivuka bahari kwenda Bombay kurekodiwa na His Master's Voice mwaka 1928, na kiangazi cha mwaka huohuo kampuni ya Columbia ilikuwa Bayreuth ikirekodi Tristan und Isolde ya Wagner kwenye sahani 20. Tristan ilipunguzwa sana ili iingie humo. Taarabu nayo haikuzaliwa ya dakika tatu, ilibanwa. Hapo Mama aliridhika kwamba hao Wajerumani nao waliyapata yaleyale.

Tukaanza kusikiliza Jumapili alasiri. Upande wa kwanza ni tufani tupu, selo na besi zikikimbia gizani. Sahani ikageuzwa. Tufani haikuendelea, badala yake mwanamume na mwanamke walikuwa wanapiga kelele za furaha, mwanamume kashika upanga. Baba watoto akakunja uso. Sahani ya pili: mgeni anaingia nyumbani kwa watu hoi bin taabani. Akaigeuza, na mapenzi yakawa yamepamba moto.

"Hawa wamejuana lini?" Mama akauliza.

Mlango ukagongwa. Jirani wa ghorofa ya tatu, bibi mstaafu. Nikajua ni kelele. Jumapili hapa ni siku ya kimya, na gramafoni haina kitufe cha kupunguza sauti. Tulikuwa tumesokomeza soksi ndani ya honi na bado ukuta ulitetema. Kumbe bibi hakuja kwa kelele. Alisema mnapiga ovyo, nakaa chini naumwa kichwa kwa hadithi inavyorukaruka. Akachukua sahani, akatuonyesha namba. Seti ile ilichapwa kwa ajili ya mashine zinazodondosha sahani zenyewe moja baada ya nyingine, kwa hiyo upande wa 1 umegeukiana na wa 16, wa 2 na wa 15. Unapiga zote upande mmoja, ndipo unapindua rundo zima.

Kwa mpangilio sahihi kisa kikaeleweka, na ni kisa cha nyumbani hasa. Siegmund, anayeimbwa na Mdenmark Lauritz Melchior, anakimbia maadui usiku wa mvua, anaanguka kando ya moto wa nyumba asiyoijua. Mke wa nyumba, Sieglinde, yaani Lotte Lehmann, anampa maji. Mume, Hunding, anarudi na kugundua kwamba mgeni ndiye yule waliyekuwa wakimsaka. Anamlaza, kwa kuwa mgeni ni mgeni, lakini asubuhi watapigana. Mke anamtilia mumewe dawa ya usingizi kwenye kinywaji. Hadi hapo Mama alikuwa upande wa mke. Kisha ikadhihirika kwamba Siegmund na Sieglinde ni pacha.

"Astaghfirullah," akasema, na akaomba sahani inayofuata.

Balaa lilitokana na hotuba nyingine. Jumatatu baba watoto alimweleza mama yake kwamba santuri hizi si plastiki. Ni shelaki, utomvu wa wadudu wa India, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Neno masizi lilitosha. La wadudu likaongezea. Tuliporudi kutoka kazini sahani zote 8 zilikuwa zimesuguliwa kwa sabuni na kupangwa juu ya hita ya ukutani zikauke pamoja na nepi. Shelaki huanza kulegea kwenye joto ambalo sufuria hailihisi. Tatu zilikuwa zimepinda, na sindano ilipowekwa kwenye tufani ilipanda na kushuka kama dau kwenye kusi. Lebo zilibanduka nusu.

"Sasa ni safi," Mama alisema, na hakuna aliyethubutu kumjibu.

Baba watoto alijua dawa yake. Unaiweka sahani kati ya vioo viwili vizito, unaitia joto dogo, inalegea na kunyooka yenyewe. Akazipanga zile tatu ovenini usiku, akapasha kidogo, akazima, akaziacha zipoe taratibu hadi kesho. Yote sahihi. Ila hakumwambia mtu. Alfajiri Mama, aliyekuwa amelowesha mchele tangu jana, akasaga, akatia tui na iliki, akawasha oveni hadi nyuzi 200 ili ipate moto kabla ya kumimina. Kwake oveni si kabati, haikumjia kuchungulia.

Harufu ilifika ghorofa ya tatu kabla haijafika chumbani kwetu. Bibi jirani alipanda na nguo za kulalia. Tulipofungua oveni, vioo vilikuwa vimeteleza, na tufani, upanga na nusu ya mapenzi vilikuwa vinaning'inia kwenye waya za oveni vikidondoka. Baba watoto alikaa sakafuni. Bibi alicheka hadi akashika meza, na Mama, asiyejua Kijerumani hata cha salamu, akacheka naye. Mkate ulipikwa saa tano, baada ya kukwangua, na bibi akala vipande vitatu.

Siku ile ndipo alipotusimulia jinsi tendo la pili lilivyorekodiwa, na sikucheka tena. Bruno Walter alikuwa Myahudi, aliyefukuzwa kwenye majukwaa ya Ujerumani mwaka 1933. Emanuel List, Hunding wetu, alikuwa Myahudi pia. Wagner huyu ambaye waliutumikia muziki wake vizuri hivyo alikwisha kuandika mwaka 1850 makala nzima ya kuwatukana Wayahudi. Walter alirekodi Vienna sehemu tu ya tendo la pili. Machi 1938 Hitler akaitwaa Austria, na Walter hakuweza kurudi. Sehemu zilizobaki zikarekodiwa Berlin mwaka huohuo, na waimbaji wengine, chini ya Bruno Seidler-Winkler. Tendo moja, miji miwili. Mimi nikilisikiliza nasikia mshono, hata pale wapigaji wanapojitahidi kuuficha.

Mama aliuliza jambo moja tu: mke wa Wotan alisema nini juu ya pacha wale?

Alisema mengi. Fricka ndiye mlinzi wa ndoa, na Siegmund ni mtoto wa nje wa mumewe. Anamjia Wotan, anamhoji, anambana mpaka mkuu wa miungu anakubali mwanawe auawe. Onyesho hilo ni la Berlin, 1938: Margarete Klose ndiye Fricka, Hans Hotter ndiye Wotan. Mama akasema hizo ndizo zilizofaa kununuliwa tangu mwanzo.

Zilipopatikana alikwisha kurudi Tanga. Tukampigia simu ya video, baba watoto akaishika mbele ya honi, bibi jirani akiwa kwenye kiti chake. Fricka akaanza. Mama alitikisa kichwa kila baada ya sentensi asiyoielewa. Katikati ya shutuma upande ukaisha, ikabaki mikwaruzo.

"Mbona kanyamaza?"

"Tunabadilisha sahani, Mama."

"Fanyeni haraka. Huyo mume atapata nafasi ya kujitetea."