Mwenye Safari Kageuzwa Utingo

Green Book ilitwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2019, na tuipe haki yake: inachekesha, na Mahershala Ali ameigiza kwa ustadi. Lakini tazama mgao wa vyeo. Don Shirley, mpiga piano mweusi anayeigizwa na Ali, ndiye mwenye ziara, kipaji na mshahara wa kulipa. Hata hivyo Ali alituzwa kama mwigizaji msaidizi, kwa kuwa mhusika mkuu ni dereva mzungu wa Shirley. Mmoja wa waandishi ni Nick Vallelonga, mwana wa dereva huyo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Watetezi watasema filamu si kitabu cha historia, inahubiri upendo tu. Sawa; ila ubaguzi unaopona kwa safari moja ya gari unamfariji zaidi aliyebagua kuliko aliyebaguliwa, na faraja hiyo ndiyo iliyopewa tuzo.