Jinsi ya Kumhukumu Meneja Mkuu wa Hoki Bila Kuinuka Kwenye Kochi

Kazi ya meneja mkuu wa timu ya hoki ya barafuni katika ligi ya NHL, huko Marekani na Kanada, inadai miaka ya uzoefu, maskauti wa kuzunguka viwanjani na wanasheria wa mikataba. Kazi ya kumhukumu inadai simu yenye chaji. Kama chaji ipo, fuata hatua hizi.

Jua kwanza kwamba hoki si soka. Kule mchezaji hanunuliwi kwa fungu la pesa dirishani, anabadilishwa: mtu kwa mtu, au mtu kwa zamu ya kuchagua chipukizi miaka ijayo. Kwa hiyo kila dili linakuletea mameneja wawili wa kusema, na ungekuwa mvivu kumwacha hata mmoja.

1. Hukumu kabla wino haujakauka

Tarehe 29 Juni 2016, ndani ya muda usiofika nusu saa, Edmonton Oilers walimtoa mshambuliaji Taylor Hall kwa New Jersey Devils wakapewa beki Adam Larsson, na Montreal Canadiens wakampeleka beki P.K. Subban kwa Nashville Predators wakamchukua beki Shea Weber. Dili la pili liliwakuta mashabiki matusi ya la kwanza hayajawaisha mdomoni. Huo ndio mwendo unaotakiwa. Anayesema "tusubiri tuone" mtoe kwenye kundi la WhatsApp.

2. Chagua mwenyewe siku ya kupima

Hapa ndipo penye utamu. Chukua dili la Subban na Weber. Ukitaka kumzomea Marc Bergevin, meneja wa Montreal wakati huo, simamisha saa Juni 2017: Subban anacheza fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, akiwa na Nashville. Kumbusha pia kwamba alitolewa akiwa na miaka 27, akaletwa mtu wa miaka 30 mwenye mkataba unaokwenda hadi 2026.

Ukitaka kumpamba, sogeza saa hadi Julai 2021. Weber ni nahodha, Montreal wako fainali kwa mara ya kwanza tangu 1993, na Subban alishaondoka Nashville tangu 2019. Ukitaka kumzomea upya, vuta subira kidogo tu: fainali hiyo walifungwa na Tampa Bay, Weber hakucheza tena kwa sababu ya majeraha, na Bergevin akafutwa kazi Novemba mwaka huohuo. Ifikapo Septemba 2022 Subban naye anatangaza kustaafu, nawe una ruhusa ya kudai matokeo ni sare.

Yote hayo ni kweli. Ufundi ni kutotaja siku mbili kwa pumzi moja.

Wa Edmonton nao wana lao. Msimu wa kwanza bila Hall, Oilers waliingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2006, huku Devils wakiburuza mkia upande wa Mashariki. Msimu uliofuata Hall alitwaa Hart, tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi ligini, na Oilers wakabaki nje. Chukua msimu unaokufaa.

3. Usiguse hesabu

Tangu msimu wa 2005–06 ligi ina ukomo wa mishahara: timu haiwezi kulipa wachezaji wake inavyojisikia. Jambo hili linachosha, liache. Ukiliingia utalazimika kueleza kwa nini Weber, ambaye hakuwa akivaa tena viatu vya barafu, alihamishwa kwenda Vegas Juni 2022, kisha kwenda Arizona Februari 2023. Timu hizo hazikuwa zikitafuta beki. Zilikuwa zikihamisha tarakimu katika vitabu vya mishahara, moja ikitaka nafasi, nyingine ikiwa nayo ya kugawa. Hakimu wa kochini hahitaji kujua madili mengine huchezwa na wahasibu.

4. Mpango wa muda mrefu usifu hadi vipigo vitatu mfululizo

Meneja akisema anajenga timu ya baadaye, mwite mwenye maono. Akifungwa mara tatu, uliza baadaye hiyo inaanza lini. Akifanikiwa, sema ni bahati.

Chunga tu usikutane na habari za Sam Pollock, aliyeiongoza Montreal kuanzia 1964 hadi 1978. Mwaka 1970 alijipatia kwa California Golden Seals zamu yao ya kwanza ya kuchagua chipukizi wa 1971, akitarajia watashika mkia, maana wa mwisho ndiye aliyechagua wa kwanza. Msimu ukiendelea, Los Angeles Kings wakaanza kuugombea mkia huo. Mashabiki wanasimulia hadi leo kwamba ndiyo sababu Pollock alimpeleka mchezaji wake Ralph Backstrom Los Angeles, ili Kings wasizame. Seals wakamaliza wa mwisho, Montreal wakamchagua Guy Lafleur, na kuanzia 1976 wakatwaa kombe mara nne mfululizo. Bahati tupu.

5. Sifa mpe aliyekuwepo kwenye sherehe

Mwaka 1992 Quebec Nordiques walimtoa Eric Lindros, kijana aliyegoma kuwachezea, wakapata kutoka Philadelphia wachezaji kadhaa akiwemo Peter Forsberg, zamu mbili za kuchagua na dola milioni 15. Kwa zamu mojawapo wakamchagua kipa Jocelyn Thibault, ambaye Desemba 1995 alikuwa sehemu ya dili la kumleta kipa Patrick Roy kutoka Montreal. Kombe likaja 1996. Ila timu ilikuwa imeshahamia Denver mwaka uliotangulia na kuitwa Colorado Avalanche. Watu wa Quebec walivumilia miaka ya vipigo, Denver wakala matunda msimu wa kwanza.

6. Likwepe swali moja

Ipo siku mkorofi atakuuliza: siku ile, kwa yaliyojulikana siku ile, wewe ungemtoa nani? Usitaje jina. Sema ungempata nyota kwa kutoa beki wa akiba na zamu ya raundi ya tano. Meneja wa upande wa pili angekata simu, lakini huyo naye unaweza kumhukumu kesho.