Sahibu Yangu na Santuri Zake

Sahibu yangu mmoja wa Unguja, aliyerithi kwa marehemu babake gramafoni ya umeme na santuri za mwimbaji Siti binti Saad zilizonaswa Bombay mwaka 1928, alikaa miezi mitatu akitia na kutoa, abadili chombo au akibakishe, na kila aliyefika barazani akimhutubia habari za sindano na ukanda kama kadhi asomaye hukumu ya mirathi. Mimi, kwa ufupi wa akili yangu, nilimwambia anunue sindano mpya. Akaghadhibika!

Juzi kaleta chombo kipya, kizuri ajabu, ila chazunguka mara 33 au 45 kwa dakika, hali santuri zile zataka 78. Basi Bi Siti, Mola amrehemu, sasa aimba kama mzee wa kiume aliyeamshwa usingizini. Sahibu asema hiyo ndiyo sauti asilia.