Sifa za Foleni ya Malaba

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata kahawa imepata wa kuitungia. Foleni ya malori ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, iliyolaza watu wengi kuliko nyumba zote za wageni za Busia na Bungoma, haijapata hata ubeti mmoja. Huu ni utovu wa shukrani. Mimi ni mkazi wa Busia na shabiki wa Harambee Stars, timu ya taifa ya soka. Nimekula vumbi lake, moshi wake na mahindi yake ya kuchoma nikielekea Uganda kuitazama timu yangu. Kama kuna mtu anayedaiwa sifa hizi ni mimi, na leo nalipa.

Fadhila ndogo nizitaje mbiombio. Foleni ni mwaminifu: reli ya kisasa iliahidiwa kufika Malaba, na ilipofika 2019 ikakomea upande wa Naivasha, lakini foleni haikuahidiwa na mtu, haikukatiwa utepe, na ukiitaka ipo. Ni mwanajumuiya wa kweli, kwa kuwa mzigo wa Kampala, wa Kigali, wa Juba na wa Goma hulala pamoja hapo bila mawaziri kuitana mkutanoni. Ni mlezi pia: ikifupika, wauza chai wa Amagoro wanahuzunika. Foleni ya Busia, ile ya Korinda, ni mdogo wake. Ina heshima zake, lakini cheo cha kaka bado haijakifikia.

Tuyaache hayo. Fadhila kuu, ambayo nataka tuikalie kitako, ni kwamba foleni ya Malaba ndiyo uwanja bora wa michezo nchini Kenya.

Anza na ukubwa. Uwanja wa Kasarani, Nairobi, mkifinyana sana mnaingia watu 60,000 hivi, kisha geti linafungwa na vitoa machozi vinaanza. Malaba hakuna aliyewahi kuambiwa tiketi zimekwisha. Januari 2022, Uganda ilipotaka madereva wapimwe korona kwa malipo nao wakagoma, jukwaa lilirefuka kilomita baada ya kilomita kurudi upande wa Bungoma, na kila aliyefika alipata nafasi. Taa za uwanjani zinawaka usiku kucha, ingawa nyingi zina jicho moja. Vyumba vya kubadilishia nguo viko chini ya trela. Wachezaji wa akiba ni matingo, na wanapasha misuli tangu juzi.

Mchezo wenyewe ni wa ulinzi. Timu zote mbili zinakaba na hakuna anayepita. Mawinga ni bodaboda, wanaoambaa pembeni kwenye mtaro na kukata ndani kwa ghafla wakiwa wamepakia abiria wawili na jogoo. Wanaootea ni matatu, wanaotanua upande usio wao hadi wakutane uso kwa uso na lori linalotoka Uganda, na hapo huanza muda wa nyongeza usiohesabiwa na mtu. Mwamuzi yupo. Amevaa sare, ana kirungu, na macho yake hufunguka vizuri zaidi akishasalimiwa mkononi. Na ndio mchezo pekee duniani ambao usipokuwa na kadi ya njano ndipo unatolewa nje: pale dirishani utaulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na jezi ya timu ya taifa haitakusaidia.

Sifa inayozidi zote ni hii: uwanja huu haujawahi kufungwa kwa ukarabati, wala wakaguzi wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, hawajawahi kuukataa. Kasarani na Nyayo haviwezi kujigamba hivyo. Mwaka 2024 vyote viwili havikuwa na kibali, vikafungwa kwa wakati mmoja, na timu ya taifa ikawa haina pa kuchezea. Juni tulikuwa wenyeji wa Burundi na Côte d'Ivoire huko Lilongwe, Malawi. Septemba 6 tukawa wenyeji wa Zimbabwe katika uwanja wa Mandela, Namboole, nchini Uganda. Oktoba 14, papo hapo Namboole, tukawa wenyeji wa Cameroon.

Wanairobi walilalamika sana. Sisi wa Busia tulinyamaza kwanza, tukapiga hesabu. Kutoka kwetu hadi Namboole ni karibu kilomita 200. Hadi Kasarani ni zaidi ya 400. Mechi ya nyumbani ilikuwa imetusogelea kwa nusu ya safari ya Kasarani, na ilibidi timu ya taifa itoke nje ya nchi ndipo isogee.

Basi tukaenda. Wenzangu walikodi basi kutoka Bungoma, nami nikalifuata Malaba ili tugawane nauli. Cameroon, waliokuwa wageni wetu, walikuja kwa ndege. Sisi wenyeji tulikaa nyuma ya lori la saruji. Kichwani kwetu bado ilikuwamo ile 4–1 tuliyofungwa Yaoundé siku tatu kabla, lakini foleni ina dawa ya hilo pia: ukikaa saa za kutosha, unaanza kuamini kwamba Stars watashinda, kwa sababu huna kitu kingine cha kufanya.

Hapa sifa zinanikwama. Choo hakuna. Barabara inayobeba mzigo wa nusu ya Afrika Mashariki, kilomita kwa kilomita za watu waliosimama, na mama aliyekuwa nasi, mtu mzima mwenye wajukuu, ikabidi aombe hifadhi nyuma ya migomba ya watu huku wenzake wakimzingira kwa leso na bendera ya taifa. Sioni mzaha katika hilo na sitautafuta.

Alipokuwa anarudi vikasikika ving'ora. Magari meusi yalipanda kwenye mtaro, polisi wakawaondoa wauza ndizi, mlolongo ukapita. Mmoja wa waliokuwamo alishusha kioo atuone. Alikuwa na jezi mpya kabisa, mikunjo ya dukani bado haijatoka. Alitupungia mkono! Alitupungia, kama mtu anayewashukuru mashabiki kwa kujitokeza kwa wingi.

Mwaka 2011 tuliwahi kuvuka vilevile, Oktoba 8, kuwakabili Uganda waliohitaji ushindi ili waende Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978. Ilikuwa 0–0, Angola wakafuzu, Namboole ikawa matanga, nasi tukarudi mpakani tukiimba kwa sauti ya chini kwa usalama wetu. Ile ilikuwa safari ya haki. Ulikwenda ugenini ukiwa mgeni, ukaharibu sherehe ya watu, ukarudi kwako. Ya 2024 ilitufanya wageni katika mechi yetu wenyewe. Waganda walioketi karibu nasi walituita bambi, kwa huruma ya kweli, na huruma ya jirani wa soka inauma kuliko matusi yake. Boris Enow akafunga, Cameroon wakashinda 1–0, wakafuzu mbele yetu. Ukijumlisha na ile sare tasa ya Zimbabwe, Stars walicheza dakika 180 za nyumbani pale Namboole bila kufunga bao.

Walioulizwa sababu ya kufunga viwanja vyote viwili kwa pamoja walijibu kwamba CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, inakuja. Tuliwahi kupewa CHAN ya 2018. Tulinyang'anywa 2017 kwa sababu ya viwanja, ikaenda Morocco. Kombe la Afrika la 1996 nalo lilikuwa letu kabla ya kupelekwa Afrika Kusini. Nchi iliyojua tangu wakati huo kwamba haina viwanja ilipata muda wa kutosha kujenga kimoja chenye kibali hata huku magharibi, wanakotoka wachezaji na mashabiki wengi. Tulichojengewa ni foleni, na hiyo tuliijenga wenyewe kwa kusimama.

CHAN hatimaye ilikuja Agosti 2025, na Kombe la Afrika la 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Watu watavuka tena hapa, na safari hii wengi wao watakuwa wageni wasiojua desturi zetu. Msomaji, ukiwa miongoni mwao, beba maji, beba cheti cha manjano, vaa viatu vya kutembelea. Na king'ora kikilia nyuma yako, usiwe mwepesi wa kupisha.