Imetazamwa Mara 4,212

Weka namba chini ya makala, uone kama watu hawataanza kukusoma kutokea chini. Jicho linakwenda kwenye namba kwanza. Ikiwa kubwa, linapanda hadi kwenye kichwa cha habari. Ikiwa ndogo, mwenye jicho anakuonea huruma na kwenda zake.

Tovuti yangu iliishi muda mrefu bila namba yoyote, na mimi na yeye tulikuwa tunaelewana. Niliandika kuhusu mashairi na bendi za dansi, nikalipia seva kila mwaka, basi. Kisha mpwa wangu anayesomea kompyuta akaja likizo, akakosa la kufanya.

"Shikamoo mjomba. Hivi watu wangapi wanakusoma?"

"Wa kutosha."

"Wa kutosha ndio wangapi?"

Zipo huduma za bure za kuhesabu watembeleaji, Google wana yao tangu 2005, lakini kijana hakutaka cha kupewa. Alijikunyata kwenye kochi, kompyuta mapajani, sahani ya mihogo ya kukaanga ubavuni, akaiandika programu mwenyewe. Kwa alivyonieleza, haina makuu. Kila makala inapewa faili lake lenye namba moja tu ndani. Mtu akifungua ukurasa, programu inafungua faili, inasoma namba, inaongeza moja, inaandika upya, kisha inaitangaza chini ya makala: imetazamwa mara kadhaa. Alihakikisha namba inaweza kufika matrilioni bila kufurika, kwa sababu, alisema, Desemba 2014 wimbo wa "Gangnam Style" ulipita 2,147,483,647, ukomo wa aina ya namba ambayo YouTube walikuwa wameizoea. Hakutaka yatupate hayo.

Insha yangu ndefu kuhusu vina vya kati katika tarbia ilifika 9. Wengi wao tulikuwa sisi wawili, tukihakikisha kwamba inahesabu.

Kilichopanda ni kitu kingine kabisa. Kuna asubuhi nilirudi kutoka gesti moja ya mkoani nikiwa na hasira na vipele, nikaandika aya chache juu ya namna ya kuwaondoa kunguni kitandani: chemsha maji, mwagia kwenye nyufa za chaga, kagua mishono ya godoro kwa tochi usiku. Wala sikuihariri. Haukupita muda, chini ya kunguni pakasomeka: imetazamwa mara 4,212.

Mke wangu ndiye aliyeiona kwanza.

"Kwa hiyo watu elfu nne wanajua tuna kunguni."

"Walikuwa wa gesti."

"Makala imesema hivyo?"

Haikusema.

Aliyefuata kuiona alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Kwenye ukoo wetu kulikuwa na binti anaolewa, nami nilikuwa nimeahidi mchango wa laki moja, nikajihesabu muungwana. Mwenyekiti akapiga simu akiwa na ile sauti ya watu wanaotaka kukukopa.

"Hongera bwana, tumeona. Wafuasi elfu nne!"

"Watazamaji, mwenyekiti."

"Haohao. Sasa kamati imekaa, ikaona kwa mtu wa hadhi yako laki moja ni kama tunakudhalilisha. Tumepiga hesabu ya shilingi mia tu kwa kila kichwa. Inakuja laki nne, elfu ishirini na moja na mia mbili. Hizo ishirini na moja na mia mbili tumekusamehe."

Nimeandika kwa miaka na sijawahi kumshawishi mtu wa ukoo wetu jambo lolote kwa maneno. Namba ilitosha, tena bila hoja wala mfano. Nikamwita mpwa wangu, nikamwambia anitafutie hao watu elfu nne, mmoja mmoja.

Akafungua kumbukumbu za seva, mistari inayoshuka bila mwisho, kila mstari na saa yake, anwani yake, na jina ambalo mgeni amejitaja. Googlebot. Bingbot. Googlebot tena. AhrefsBot. Hawa, kumbe, ni roboti, programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikifungua kila ukurasa. Programu yetu ilikuwa kama mlinzi wa geti anayeandika kwenye daftari kila kinachopita, hata mbuzi.

"Na huyu GPTBot?"

"Wa OpenAI, mjomba, wamemtangaza 2023. Anakusanya maandishi ya kufundishia akili bandia."

"Anajifunza kunguni?"

"Anajifunza kila kitu."

Nilimuuliza kama hawafungiwi mlango. Akasema lipo faili linaloitwa robots.txt, wazo la Mholanzi Martijn Koster la mwaka 1994, ambamo unawaandikia roboti wasipite wapi. Ila ni ombi, si kufuli. Wenye adabu wanalisoma, wengine wanajifanya ni simu ya mtu wa kawaida na kupita. Alipowachuja wale waliojitaja kwa majina, binadamu wakabaki mia tatu na kitu, na hata hao hakuwaapia.

Kunifariji, akanisimulia kwamba YouTube nao kwa miaka walikuwa wakiigandisha namba kwenye 301 wakati wanahakiki kama watazamaji ni wa kweli. Walikusudia 300, lakini programu iliruhusu kuongeza moja pale namba ilipokuwa 300 au pungufu, basi ikapenya ya ziada. Waliiacha desturi hiyo 2015. Nilifarijika kidogo. Kisha nikampigia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, wale wengi wao ni roboti."

Kimya. Nikadhani nimeeleweka.

"Una roboti elfu tatu," akasema taratibu, "halafu unabishana na sisi laki nne?"

Jioni hiyo ukoo mzima ulishajua kwamba nina roboti. Binamu mmoja akauliza kama wanalima.

Kilichoniokoa ni mihogo, au tuseme uvivu ulioletwa na mihogo. Programu ya mpwa wangu, kabla ya kuandika namba mpya, ililifuta kwanza faili likawa tupu. Kwa kawaida haidhuru, ni kufumba na kufumbua. Lakini usiku wa kuamkia kikao cha mwisho cha kamati, wageni wawili waligongana kwenye kunguni. Wa kwanza akafuta. Kabla hajaandika, wa pili akasoma, akakuta patupu. Patupu ni sifuri, sifuri jumlisha moja ni moja. Faili lilitakiwa lifungwe kwanza ili wa pili asubiri foleni. Halikufungwa.

Imetazamwa mara 1.

Mwenyekiti alipiga simu saa tatu asubuhi, sauti ya msibani. "Tumesikia, bwana. Pole sana. Haya mambo yanampata yeyote. Kamati imekuwekea elfu hamsini, na hata hiyo lipa kidogokidogo." Shangazi yangu wa Tanga hakupiga, alituma elfu kumi kwa simu na ujumbe kwamba ni ya dawa ya kunguni, nisimwambie mtu.

Mpwa wangu, ambaye alikwisharudi chuoni, alitaka kuirekebisha siku hiyohiyo. "Namba ya zamani ninayo, mjomba. Nairudisha sasa hivi?"

"Subiri," nikamwambia, "harusi ipite."